Ushauri: naomba programu za bure na halali za kutengenezea kadi, niko Uyole

MamaKadi_Uyole
Habari zenu wakuu. Nina laptopu ya mtumba, RAM GB 4, Windows 10. Dukani waliniuzia ikiwa na kila kitu ndani: Word, Excel, Publisher, Photoshop. Sasa Word inadai leseni na haikubali tena nihariri chochote. Fundi anataka elfu thelathini aichakachue upya. Tena nikichomeka flashi, mafaili yote yanageuka njia za mkato.

Natengeneza kadi za harusi na za michango kwenye Publisher, kisha napeleka steshenari mjini zikachapwe. Baba watoto anaweka hesabu za viazi kwenye Excel. Kulipia leseni zote hizo siwezi. Nasikia kuna programu za bure ambazo ni halali kabisa. Je, zitafungua kadi zangu za zamani? Na kule steshenari watazifungua?

Kamwene_Kihesa
Kamwene dada. Hiyo elfu thelathini kaa nayo. Mafundi wengi wanaochakachua hukuambia uzime kwanza antivirusi, na virusi hupitia mlango huohuo. Mafaili yako kwenye flashi kwa kawaida hayajafutika, yamefichwa tu. Mtafute mtu mwenye mashine safi akuokolee nyaraka na picha, programu yoyote usiihamishe, kisha upigiwe Windows upya.

Baada ya hapo weka LibreOffice. Ina Writer ya kuandikia, Calc ya mahesabu, Impress ya mawasilisho na Draw ya kuchorea. Ilizaliwa 2010 kutoka OpenOffice, na hiyo OpenOffice ilishatafsiriwa kwa Kiswahili 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakaiita Jambo OpenOffice. Kwa hiyo si kitu kigeni nchini kwetu, tuliisahau tu, na hilo linaniuma.

Pakua kwenye tovuti yao wenyewe, libreoffice.org. Ni kama MB 350, tumia bando la usiku. Ukishaipata unaweza kumnakilia jirani kwa flashi, leseni inaruhusu.

Mwalimu_Tukuyu
Naongezea kuhusu Word. Writer ina kawaida ya kuhifadhi kwa odt, aina yake yenyewe ya faili. Nenda kwenye mipangilio uiambie ihifadhi docx, aina ya faili la Word, siku zote, la sivyo kila siku utapigiwa simu kwamba faili halifunguki. Na mistari ikiruka, chanzo mara nyingi ni fonti, yaani mtindo wa herufi. LibreOffice inakuja na Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni sawa na Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria. Mitihani yangu naandikia humo. Ninachokagua kwa macho kila mara ni milinganyo ya hesabu na majedwali. Hesabu za viazi zitafunguka vizuri, isipokuwa kama faili lina makro, yaani amri za kujiendesha zilizowekwa ndani yake.

Mchapaji_Mafinga
Dada, mimi nipo upande wa pili wa kaunta, kwa hiyo nisikilize kwa makini kuhusu kadi.

Publisher usiililie. Microsoft wenyewe wametangaza kuisitisha Oktoba 2026. Draw ya LibreOffice inafungua mafaili ya pub, yaani ya Publisher, ila haiwezi kuyahifadhi tena kwa pub, na mpangilio unaweza kuhama kidogo. Fungua kadi zako nzuri moja moja, zirekebishe, uanzie hapo.

Kadi mpya zenye maua na nakshi tengenezea Inkscape, programu ya bure ya kuchorea. Kabla ya kutuletea, hifadhi nakala mbili. Ya kwanza ibaki na maandishi ya kawaida ili kesho ubadilishe tarehe. Ya pili chagua maandishi yote, bonyeza Shift+Ctrl+C yageuke kuwa maumbo, kisha toa PDF. Hapo hata kama sisi hatuna fonti yako ya mwandiko, jina la bibi harusi litatoka vilevile ulivyoliona nyumbani. Wateja wengi wanaleta faili ghafi, fonti inabadilika, jina linakatika katikati, halafu lawama zinakuja kwetu.

Majina ya waalikwa usiyaandike moja moja. Yapange kwenye Calc, kila mgeni mstari wake, kisha uunganishe orodha na kadi kwenye Writer. Kila kadi inatoka na jina lake. Kwa kamati yenye waalikwa mia tatu hiyo ni nafuu kubwa sana.

Rangi: Inkscape inafanya kazi kwa RGB, yaani rangi za kioo cha kompyuta. Kwa printa zetu za kawaida hakuna shida. Kazi ikienda kwenye mtambo mkubwa wa ofseti, ipitishie Scribus, programu ya bure ya kupangia kurasa, yenyewe inatoa PDF ya CMYK, yaani rangi za wino wa uchapaji.

Binti_Makambako
Kwenye picha mwambieni ukweli jamani. GIMP, programu ya kuhariri picha, ni nzuri na ni bure, lakini vitufe haviko pale ulipozoea kwenye Photoshop, na wiki za mwanzo unachoka. Kama ni kupunguza picha na kufuta mandharinyuma, inatosha kabisa. Usiianze ukiwa na kazi ya mteja ya kesho.

MamaKadi_Uyole
Asanteni sana, Mungu awabariki. Swali dogo: nasikia Windows 10 imefika mwisho. Nihamie Linux, ule mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows?

Kamwene_Kihesa
Masasisho yake ya kawaida yalikoma 14 Oktoba 2025. Lakini usibadilishe vyote kwa pamoja. Zoea kwanza LibreOffice na Inkscape humohumo kwenye Windows, maana kwenye Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux, utazitumia zilezile. Ukiwa tayari, Mint Xfce, ambayo ni Mint nyepesi, inafaa kwa GB 4. Iweke kwenye flashi uiwashe bila kuisakinisha, ujaribu printa na sauti kwanza.

MamaKadi_Uyole
Nimesafishiwa mashine, LibreOffice ipo. Draw imefungua kadi ya send-off, ila jina la ukumbi limejificha nyuma ya picha ya maua.

Mchapaji_Mafinga
Bofya kulia kwenye ua, kwenye mpangilio wa tabaka lipeleke nyuma kabisa. Jina litatokea juu. Halafu toa PDF unitumie, nitakuchapia moja ya majaribio uione kabla ya mzigo wote.