Shela, Lamu: historia yake na huduma kwa anayetaka kuhamia

Mgeni kutoka Malindi
Assalaam aleikum. Familia yangu inakusudia kuhamia Shela, nje kidogo ya mji wa Lamu. Kabla ya kukodi nyumba, ningependa wenyeji wanieleze asili ya kijiji hicho, pamoja na hali ya usafiri, matibabu na hasa maji.

Mkazi wa Shela
Waaleikum salaam, karibu sana. Wazee wetu walitoka Takwa, ng'ambo ya mkondo katika kisiwa cha Manda, mji uliohamwa karne ya 17. Kaburi la nguzo lililoko huko, ambalo watu wa Shela wamekuwa wakivuka kulizuru na kuomba mvua, lina maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria (yapata 1683 Miladia). Ufuo wetu ndio uliopiganiwa Vita vya Shela yapata mwaka 1812, watu wa Lamu walipowashinda Wapate, yaani watu wa kisiwa cha Pate, na Wamazrui, watawala wa Mombasa, kisha wakatafuta ulinzi wa Seyyid Said, mtawala wa Omani. Msikiti wetu wa Ijumaa ulijengwa mwaka 1829.

Mjini ni kama kilomita tatu kwa miguu kando ya bahari, au utapanda boti, hasa maji yakijaa. Mizigo hubebwa na punda. Shule ya msingi na zahanati zipo, lakini ugonjwa mzito hupelekwa hospitali kuu ya mjini.

Mtu wa Langoni
Mimi ni wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Kuhusu maji, ndugu yangu, lifikirie jambo hili kabla ya kukodi. Vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya Shela ndivyo hazina ya maji matamu ya kijiji hicho na ya mji wa Lamu pia: mvua hupenya mchangani na kutulia juu ya maji ya chumvi, ambayo ni mazito zaidi, na visima vikivutwa kupita kiasi chumvi hupanda. Ndiyo maana kila nyumba inayojengwa juu ya vilima hivyo hunihuzunisha, kwani huziba mahali mvua inapoingilia, na shimo lake la choo huchafua maji tunayoyanywa sote.

Mgeni kutoka Malindi
Ahsanteni. Je, nyumba yenye kisima chake inatosha?

Mtu wa Langoni
Yaonje kwanza, hasa mwisho wa kiangazi, na uulize shimo la choo liko umbali gani na kisima. Chagua nyumba iliyo ndani ya kijiji cha zamani, yenye birika la kuvunia maji ya mvua.