Friji la "A+" linamaliza LUKU yangu! Wauzaji wa mafriji ya mtumba acheni kutufanya wajinga

Wakuu, nimekuja na hasira, mnivumilie.

Mwezi uliopita nilinunua friji la mtumba kutoka Ulaya, duka moja la Kariakoo, milango miwili. Nilishaapa kwamba safari hii nachukua friji lisilokula umeme. Muuzaji akanionyesha mlangoni stika ya Ulaya ya matumizi ya umeme: mishale ya rangi, kijani juu, nyekundu chini, na herufi A+. "Bosi wangu, hii A plus, rafiki wa mazingira, umeme halili kabisa." Sisi tuliosoma shule za hapa, A ni A. Ikiongezwa na jumlisha, nani atabisha? Nikalipa.

Uniti tulizozoea kukaa nazo wiki tatu zikaisha siku kumi. Mama watoto akaanza kuhisi kuna mpangaji anatuibia umeme. Jumapili moja nikazima kila kitu, taa, tivii, feni, likabaki friji peke yake kuanzia saa moja asubuhi. Mita ilisoma uniti 21.4 zilizobaki. Kesho yake saa ile ile, 18.3. Uniti 3 na ushee kwa siku moja! Na stika ile ile imeandika, kwa maandishi ya chini ambayo sikuyajali, kWh 285 kwa MWAKA (kWh moja ndiyo uniti moja). Hiyo haifiki hata uniti moja kwa siku.

Ndipo nikaanza kusoma, na hapa ndipo damu ilipochemka. Juu ya A+ kulikuwa na A++ na A+++. Na tangu Julai 2012 Umoja wa Ulaya ulikataza friji jipya la kawaida lililo chini ya A+ kuingizwa sokoni. Yaani ile A+ niliyouziwa kama namba moja ndiyo iliyokuwa inashika mkia! Machi 2021 wenyewe wakafuta hizo jumlisha, wakarudi kwenye A mpaka G, na mengi yaliyokuwa A+ yakaangukia F au G. Stika ya zamani imebaki mlangoni, na sisi huku bado tunanunua kwa kuiamini hiyo.

Halafu ile 285 ilipimwa kwenye chumba chenye nyuzi joto 25. Njooni jikoni kwangu Mbagala saa nane mchana. Kwenye kibati cha ndani kuna herufi N, maana yake limetengenezwa kwa mahali pasipozidi nyuzi 32. Linalotufaa sisi ni lenye T, la sehemu za joto. Kuna aliyewahi kuambiwa hilo dukani? Kenya angalau wana lebo yao ya nyota ya kuonyesha ulaji wa umeme.

Jana nikabana noti ya elfu moja kwenye mlango, nikafunga, nikavuta. Ikateleza kama nimeitoa mfukoni. Mpira umechoka, baridi inatoka usiku kucha na mashine haipumziki. Jaribuni hivyo kabla ya kutoa hela, pande zote nne za mlango, na herufi achaneni nayo, someni ile namba ya kWh.

Nimerudi dukani na picha za mita. Jamaa kanijibu mzigo ukishatoka haurudi, kisha akamgeukia mteja mwingine na kumwonyesha A+ nyingine. Mbele yangu!

Mwenye fundi wa uhakika wa kubadilisha mpira wa mlango, Mbagala au Temeke, ashushe hapa pamoja na bei.