Kaktasi inalainika chini msimu wa mvua: nihamishe chungu sasa au nisubiri kiangazi?

vyungu_sebuleni
Wakuu, salaam. Niko Kigoma mjini, Mwanga. Nina mimea mitatu sebuleni: kaktasi ya duara yenye miiba ya njano, mshubiri, na yuforbia ndefu yenye kingo tatu. Yote imetoka Dar ikiwa kwenye vyombo laini vya plastiki, udongo ni ule mwepesi wa makumbi ya nazi. Maji ni kikombe kimoja kila Jumamosi. Tangu mvua zianze, juu panakauka ila katikati ya chungu pana unyevu muda wote. Kaktasi imeanza kulainika chini, upande mmoja umekuwa kahawia. Nihamishe sasa? Nichanganye udongo gani kwa vitu vya hapa hapa? Na iwekwe dirisha lipi?

fundi_miiba
Hamisha leo. Kusubiri kiangazi ni kwa mmea mzima. Ulioanza kulainika ukiusubiri unakuta maganda na miiba tu.

Kunja gazeti mara nne uwe kama mkanda, zungushia kaktasi, ndipo uivute. Pukutisha makumbi yote mpaka mizizi ibaki wazi. Mzizi mzima ni mgumu na mweupe au wa njano hafifu. Uliooza ukiuvuta ngozi inachomoka, inabaki kamba nyembamba katikati. Huo kata.

Kwa shina, chukua kisu chenye makali, kifute kwa spiriti, kata kipande cha chini kama pete. Angalia kiini: ukiona nukta au duara la kahawia, kata pete nyingine juu yake, na kila mara ufute kisu upya. Ukiacha doa dogo tu, linapanda tena. Simama pale ambapo nyama yote ni safi. Paka salfa ya unga, ile wanayotumia wakulima wa korosho. Ukiikosa, unga wa mkaa uliosagwa unasaidia kukausha. Kisha weka kivulini penye hewa. Mizizi tu ikikatwa, siku 4 zinatosha. Shina likikatwa, siku 10 hadi 14, mpaka kidonda kiwe kikavu na kigumu. Haitakufa kwa kiu, maji yake iko nayo mwilini.

Mchanganyiko, pima kwa kopo moja:
kopo 1 mboji iliyooza vizuri na kuchekechwa,
kopo 1 mchanga mkali,
kopo 1 chenga za tofali la kuchoma, milimita 3 hadi 6.

Tofali ponda kwa nyundo, kisha osha vumbi lote, maana vumbi likishuka linaziba nafasi za hewa na unarudi kule kule. Kwa kaktasi iliyooza punguza mboji iwe nusu kopo. Samadi mbichi usiguse. Jaribu kabla ya kupanda: jaza chungu, mwagia maji. Yakituama juu, ongeza chenga.

Chungu cha udongo kinafaa kuliko plastiki kwa sababu kinapumua pembeni. Kiwe kipana kuzidi mizizi kwa sentimita 2 au 3 tu. Kikubwa sana kinabaki na udongo wenye maji usiofikiwa na mzizi wowote. Panda kwa kina kile kile cha mwanzo. Mmea wenye mizizi, maji ya kwanza baada ya siku 5 hadi 7. Kaktasi iliyokatwa shina iketi juu ya udongo mkavu, ikishaanza kutoa mizizi ndipo uanze kidogo kidogo.

vyungu_sebuleni
Asante sana mkuu. Kokoto chini ya chungu niweke? Na mchanga wa ufukweni Kibirizi unafaa?

udongo_na_maji
Kokoto chini hapana, ingawa kila mtu anaziweka. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe; yanasimama juu ya tabaka la kokoto, yaani umeyasogeza karibu zaidi na mizizi. Funika tundu kwa kipande cha wavu wa dirisha, basi.

Wavu huo huo ndio chekeche yako. Mchanga unaopita ni laini mno, uache. Unaobaki juu ndio unaoutaka. Mchanga wa ufukweni mwingi utapita, kwa hiyo tafuta wa mtoni ule wa kujengea.

Kikombe kila Jumamosi ndicho kilichokuponza pamoja na makumbi. Choma kijiti cha mshikaki mpaka chini, kiache dakika kumi, kitoe. Kikitoka na unyevu, usimwagilie hata kama juu pamekauka kabisa. Kikitoka kikavu, mwagia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Mvua hizi huenda ikawa wiki tatu au zaidi. Kiangazi siku 10 hadi 14. Kinga maji ya mvua, ni bure. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH karibu 9, yaani yana alkali, yakitumika muda mrefu yanaacha ukoko mweupe kwenye udongo.

Ukiona unga mweupe kwenye mizizi ya mshubiri, hivyo ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mmea. Osha mizizi, paka spiriti, tupa udongo wote.

nyoka_wa_tabora
Kuhusu dirisha: ushauri wa Ulaya wa dirisha la kusini hautuhusu. Huku jua la saa sita mchana liko karibu utosini, mabati yaliyochomoza yanalizuia, hivyo madirisha ya kaskazini na kusini yanapata mwanga mdogo kuliko unavyodhani. Chagua la mashariki, mmea ukae ndani ya nusu mita kutoka kwenye kioo. La magharibi pia linafaa, ila joto lake la alasiri ni kali. Kaktasi ikianza kuchongoka juu na kupauka, mwanga hautoshi. Isogeze kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ukiitoa ghafla inaungua, na doa la kuungua halifutiki.

Tabora hewa ni kavu zaidi kiangazi, hivyo ratiba ya Kigoma usimpe mtu wa huku.

Na yuforbia, mbona hamjamwambia? Ni ukoo mmoja na mnyaa, utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na macho. Vaa glovu na miwani, na watoto wakae mbali. Ukikata, puliza maji ya baridi kwenye kidonda mpaka utomvu uache kutoka, ndipo ukaushe. Ukiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 bila kusugua, kisha nenda hospitali.

vyungu_sebuleni
Nimeelewa. Tofali ninazo, salfa naitafuta kesho duka la pembejeo.

fundi_miiba
Mshubiri wako uhamishe pia, hata kama bado mzima. Hayo makumbi yakilowa yanachelewa sana kukauka.