Mbali na "vizuri", mnatumia maneno gani kwa jambo lililoanza au kuisha freshi?

Mwana_Mikindani
Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Chama chetu cha msingi cha ushirika kina mkutano mkuu, mi ndo nimepewa kuandaa taarifa ya msimu wa korosho mwenyekiti aisome mbele za watu. Sasa kila sentensi inaishia na vizuri, upuliziaji umeenda vizuri, ukusanyaji umeanza vizuri, mnada umeenda vizuri, malipo yameenda vizuri, mpaka inakera. Kuna mwenzangu anataka tuandike "msimu umeanza njema", sikio linakataa ila sina hoja ya kumpa. Nisaidieni maneno.

bibo_kavu
Sikio lako liko sawa kaka. Njema inakaa na jina: habari njema, safari njema, bahati njema. Ukieleza kitendo kimeendaje unaweka ile vi-, ndo tunapata vyema, vizuri, vibaya. Kwa hiyo msimu umeanza vyema, basi, mwambie hivyo. Na vyema inakaa vizuri kwenye karatasi ya mkutano. Ila usizigeuze zote kuwa vyema utakuwa umehamisha tatizo tu. Kuna na pazuri, "tumeanzia pazuri", watu wanaisahau sana hii.

Ticha_Masasi
Naongezea. Usiokote neno kwa sababu tamu, angalia jambo liko hatua gani. "Kwa mafanikio" ni ya kitu kilichokwisha, nawasikia watu redioni msimu umeanza kwa mafanikio, mafanikio gani na gunia la kwanza halijapanda mzani?? Mwanzoni sema "kwa wakati" kama ndivyo ilivyokuwa, yani salfa, ile dawa ya kupulizia, ilifika kabla mikorosho haijatoa maua, hapo mkulima anaelewa kabisa maana salfa ikija ugonjwa wa ubwiri unga umeshakula maua huna cha kuokoa. "Salama" inataka pawepo na hofu kwanza, korosho zimefika ghala kuu salama, sawa, njiani zingeweza kulowa au kupungua, lakini ukiandika mkutano umefunguliwa salama watu wataulizana kulikuwa na nini. "Shwari" hivyohivyo, mnada ukienda shwari maana yake hakuna aliyegomea bei. "Kwa bahati nzuri" weka pale ambapo hamkuchangia lolote, mfano mvua haikunyesha wakati korosho ziko kwenye kuanikwa, usije ukaandika kwa bahati nzuri wakulima walipulizia dawa, watu wametokwa jasho pale. Na "kwa kishindo" naomba uiache kabisa, hiyo inasema kelele haisemi uzuri, japo kwenye uzinduzi wowote wa nchi hii lazima uisikie.

kangomba_hapana
Ticha umeongea. Ila mi mkulima wa Tandahimba nakwambia ukweli, shwari yako tukishaisikia tunasubiri bei ya juu ngapi ya chini ngapi na toka mnada mpaka hela kuingia akaunti siku ngapi. Mwaka 2018 watu walizigomea bei mnadani mpaka serikali ikaja kununua yenyewe kwa 3,300 kilo na jeshi likabeba mzigo, sasa taarifa ya mwaka ule vizuri unaichomeka wapi? Na siku hizi mnada uko kwenye mfumo wa TMX, lile Soko la Bidhaa Tanzania, bei watu wanazipata kwenye simu hata kabla katibu hajarudi, ukileta sifa bila namba utazomewa.

Bi_Mchinga
Wanangu mnajisumbua. Huku kwetu Lindi hatuweki hata hilo neno. Unyago ukipendeza tunasema umefana, tumemaliza. Ufuta umekubali mwaka huu. Mambo yamenyooka. Biashara imechanganya. Sasa mtu akisema "umefana vizuri" anatia maji kwenye tui. Hata hiyo taarifa yako, malipo yamekamilika, nukta, yamekamilika vizuri ndo yakoje?

bibo_kavu
Bi Mchinga 😂😂 umekubali nayo nilikuwa nimeisahau

Mwana_Mikindani
Shikamoo Bi Mchinga, asante sana. Nimeandika hivi: "Pembejeo zilifika kwa wakati, ukusanyaji ulianza vyema, korosho zote zilifika ghala kuu salama na malipo yamekamilika." Chini yake naweka bei za kila mnada kama alivyosema jamaa wa Tandahimba. Vizuri hata moja haimo. Sasa kuna kipengele cha mwisho, magunia tuliyogawa na mengine hayajarudi, hapo niweke neno gani ili isikae vibaya sana?

kangomba_hapana
Hapo weka idadi ya magunia, neno atalitafuta mwenyekiti mwenyewe akisimama.