Antena ya kubeba kwa anayeanza: dipole, waya wa ncha moja, au fimbo ya kuvuta?

Mgeni_wa_Masafa
Habari zenu wakuu. Niko Moshi, leseni ya TCRA ninayo na alama ya wito (jina langu la hewani) ya 5H imeshatoka. Redio ni ya HF (masafa ya MHz 3 hadi 30), wati 10. Natafuta antena ya kubeba ya bendi za mita 40 na mita 20, iingie kwenye begi la mgongoni nipande nalo bodaboda, na niweze kuisimamisha peke yangu. Mtandaoni kila muuzaji anasifia yake. Mianzi na miti huku ipo tele, hela ndiyo ya kuungaunga. Nianze na ipi?

FundiWaya
Mkuu, anza na dipole (mikono miwili ya waya inayolishwa katikati) ya viungo: ukivifunga unapata mita 40, ukivifungua mita 20. Uisimamishe kwa umbo la V iliyopinduliwa. Kuna antena nyingine nzuri tu, ila hii haina transfoma wala koili. Ikigoma, kosa liko kwenye urefu, kwenye kiungo au kwenye kebo, basi.

Hesabu: 143 gawanya kwa MHz unapata nusu wimbi kwa mita. Kwa MHz 14.15 kila mkono unatoka kama mita 5.05, kwa 7.1 mita 10.07. Usikate kwa vipimo hivyo moja kwa moja, maana gamba la waya na ukaribu wa ardhi vinashusha masafa. Kata kwa ziada utakayokunja baadaye: mita 5.20 za ndani, weka kizio, halafu mita 5.10 za nje. Kizio ni kipande cha bomba la PVC cha sentimita 6 chenye tundu kila upande. Waya upite tundu na ujifunge wenyewe, ili kiungo cha umeme kisibebe uzito wowote.

Waya chukua wa nyuzinyuzi wa milimita 0.75 za mraba. Ule mgumu wa nyuzi moja ukikunjwa kila safari unavunjika ndani ya gamba, nje huoni kitu, na SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, 1 ndiyo bora) inaanza kucheza upepo ukivuma.

Katikati weka mwanzi wa mita 7, ncha zishuke hadi mita 2 hivi kutoka ardhini. Pembe kati ya mikono isipungue nyuzi 90. Chini ya hapo mikono inaanza kufutana nguvu.

Kurekebisha: fungua viungo uanze na mita 20. NanoVNA (kifaa kidogo cha kupima antena) uikalibreti kwenye ncha ya kebo, siyo kwenye mdomo wa kifaa. Tuseme bonde la SWR, yaani pale inaposhuka zaidi, limekaa 13.80 nawe unataka 14.15: 5.20 × 13.80 ÷ 14.15 = 5.07, yaani punguza sentimita 13 kila mkono. Usikate, kunja waya urudi juu yake na uufunge. Mita 20 ikikaa, funga viungo urekebishe mita 40 kwa kugusa kipande cha nje tu. Ukianza na mita 40 kazi yote utairudia. SWR ikiwa chini ya 2, acha kuhangaika, nenda hewani.

Dada_Koaksi
Naongezea kwa Fundi. Penye mti mmoja tu, waya wa ncha moja wa nusu wimbi unarahisisha: mita 20.2 hivi, ncha moja juu mtini, nyingine kwenye transfoma ya 49:1. Pete ya feraiti ya kuzungushia waya ni FT140-43 kwa wati zako 10. Mizunguko 2 upande wa redio, 14 jumla upande wa antena, na kapasita ya 100 pF sambamba na upande wa redio, la sivyo SWR ya bendi za juu inapanda. Ukiwa na pete isiyo na alama, usibahatishe. Mchanganyiko wa feraiti ukiwa tofauti, nguvu inaishia kwenye joto la pete huku SWR ikionekana safi kabisa.

Ongeza waya wa mita 2 chini ya transfoma wa kurudishia mkondo. Bila huo, gamba la koaksi (kebo ya antena) ndilo linafanya kazi hiyo, na maiki inaanza kukuchoma midomo. Na ncha ya waya usiiguse unaporusha: wati 10 zinaifikisha karibu volti 156.

Fimbo ya kuvuta iache kwa sasa. Kwenye mita 40 inahitaji koili, na bila nyaya kadhaa za ardhini inasikia kuliko inavyosikika.

Mgeni_wa_Masafa
Asanteni sana. Mawili tu: kebo ya king'amuzi inafaa? Na mlima hautanizuia?

FundiWaya
Kebo ya king'amuzi ni ya ohm 75. Kwa wati 10 inafanya kazi, SWR itasogea hadi 1.5 hivi. Shida yake ni kuiunganisha: nyingi zina wavu wa alumini, lehemu haishiki, na waya wa kati mara nyingi ni chuma kilichopakwa shaba. Tumia konekta zake za kukaza pamoja na adapta. Ukipata RG-58, kebo ya ohm 50, mita 10 zinapoteza karibu nusu desibeli kwenye mita 20. RG-174, iliyo nyembamba zaidi, ni nyepesi begini ila hasara ni kama mara mbili.

Mlima: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini ya mji kama kilomita 30, juu yako karibu mita 5,000, yaani nyuzi 9 kutoka upeo. Dipole iliyo juu mita 7 inatupa sehemu kubwa ya nguvu juu zaidi ya hapo, na kwa mita 40 inarusha karibu wima, ndivyo unavyoipata Dar au Nairobi mchana. Kinachokuumiza zaidi ni mabati. Usilaze waya juu ya paa, na ukae mbali na chaja za sola, zinanguruma bendi nzima.

Dada_Koaksi
Kupima kama antena inafanya kazi, sikiliza MHz 14.100. Vinara vya kimataifa (vituo vya kurusha ishara za kupimia) vinapokezana hapo kila dakika 3, kila kimoja sekunde 10: alama ya wito, kisha vistari vinne kwa wati 100, 10, 1 na 0.1. Hesabu unasikia vingapi, badilisha antena, hesabu tena mzunguko unaofuata. ZS6DN wa Pretoria ni kipimo kizuri kwa huku. 5Z4B wa Kenya yuko karibu mno, mawimbi yanaweza kuturuka, kumkosa kwenye bendi hiyo kusikutie shaka.

Na kabla ya kurusha kamba mtini, angalia nyaya za TANESCO. Antena, ikidondoka upande wowote, isiweze kuzifikia. Msimu wa masika ukisikia mikwaruzo ya radi inazidi redioni, chomoa koaksi ushushe waya.