Maadmin, nyuzi hizi hazisomeki! Tunamaliza bando kutafuta jibu la mistari mitatu

Jamani, leo nimechoka kunyamaza.

Juzi jioni mjomba alinipigia kutoka Masindi. Viwavijeshi wameingia kwenye mahindi yake, anataka kujua anyunyize saa ngapi. Nikakumbuka humu jukwaani tuna uzi mzima wa jambo hilo, nikaufungua kwa simu. Kurasa 34! Wa kwanza kaandika maelezo marefu bila aya hata moja. Wa pili kayanukuu yote ili aongeze neno "Kweli". Wa tatu kamnukuu wa pili pamoja na wa kwanza, kaweka kidole gumba. Kufika ukurasa wa sita, nukuu ndani ya nukuu, maandishi yamebanwa pembeni mwa kioo, maneno mawili kila mstari. Hayo anayasoma nani?

Jibu lilikuwa ukurasa wa 27. Nyunyiza alfajiri au jioni, viwavi wakiwa bado wadogo, dawa iingie kwenye moyo wa mmea, maana wakishakua wanajichimbia humo na dawa haiwafikii. Basi! Kabla sijalifikia bando lilikata, nikanunua jingine, na Masindi giza lilishaingia.

Data hapa Uganda si bure. Ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, iliondoka, lakini tangu Julai 2021 data ina ushuru wa asilimia 12, na VAT bado ipo. Zile picha kubwa mnazobandika chini ya kila posti, mimi ndiye ninayezilipia.

Na hiyo rangi! Herufi za kijivu juu ya nyeupe, ndogo kama chawa. Kanuni za kimataifa za WCAG, za kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, zinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu chenu nimekipima, msimbo wake wa rangi ni #999999, hakifiki hata 3 kwa 1. Ukiwa juani kwenye stendi ya boda huoni kitu. Kuna wazee humu wanaojua kilimo kutushinda sote, na wameacha kuchangia kwa sababu ya macho. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Maadmin, nukuu ndefu ijikunje yenyewe, anayeitaka aibonyeze. Jibu lililowasaidia watu lipandishwe chini ya swali. Picha zisifunguke mpaka mtu aziombe. Kubadili rangi ya herufi ni kazi ya dakika chache! Haya yote niliyaomba mwezi wa tatu, uzi wangu ukafungwa eti hauko mahali pake.

Na sisi wachangiaji, nukuu sentensi ile unayoijibu tu. Ukimaliza wazo, ruka mstari.

Mjomba alinyunyiza jana alfajiri, nikimsomea maelekezo kwa simu neno kwa neno. Maadmin, nasubiri majibu yenu hapahapa. Tafadhali huu msiufunge.