Naomba ushauri: fremu ya alumini kwa barabara za Pemba

Assalaam alaykum ndugu wanachama. Natoka Chake Chake kwenda Wete kazini kwa baiskeli ya chuma, nzito, na vilima vya huku mnavijua. Sasa nimepata baiskeli ya resi iliyotumika: fremu ya alumini, uma wa mbele wa kaboni, tairi za milimita 25. Ni nyepesi kweli, na kwa hewa yetu ya chumvi alumini haili kutu kama chuma. Hilo ndilo lililonivuta khasa.

Nimeijaribu. Kwenye lami safi ni raha tupu, ukikanyaga pedeli inaitika hapo hapo. Lakini lami ikichakaa, mtikisiko unapanda hadi mabegani. Nilipunguza upepo ikawa afadhali, ila nachelea mpira usije ukabanwa na ringi ukatoboka. Mwenyewe anasema alumini ndivyo ilivyo; fundi wangu anasema tatizo ni wembamba wa tairi, na mimi naelekea kumwamini fundi. Ila kanionya kuwa fremu hiyo ikipasuka, si kila mchomeleaji ataiweza.

Mliowahi kuzipanda, nisaidieni: nikitia tairi za 28, kama nafasi ipo, mtikisiko utapungua kiasi cha kuvumilika kila siku? Na nikague wapi hasa kutafuta ufa kabla sijatoa pesa?